Filamu za ‘stimu’ za miaka ya 60 na watu ambao majina yao hayakupita kwenye skrini

Ni usiku mtaa wa Soho, London, mwanzoni mwa 1968. Wafanyakazi wa mchana wamesharudi makwao. Halafu yanafika mabasi yamejaa wanafunzi wa vyuo vya sanaa. Wanapanda ngazi, wanakaa mezani, wanapewa brashi na kazi inaanza. Wanapaka rangi karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, moja baada ya nyingine, mpaka kunakucha. Kila karatasi ni kipande kidogo tu cha mwendo. Mkono ukitetemeka, rangi ikavuka mstari, unarudia.

Hiyo ndiyo ilikuwa Yellow Submarine, katuni ya The Beatles iliyozinduliwa London Julai 17, 1968. Hata ukiitazama leo kwenye simu, kwenye daladala, bado inachanganya kichwa: bahari iliyojaa mashimo, glovu kubwa la bluu linaloruka angani na kupiga watu, majitu marefu yanayodondosha matufaha vichwani mwa wapita njia. Vijana wa enzi hizo waliitazama wakiwa wamekula stimu, wakatoka ukumbini wakiapa kwamba aliyeichora naye alikuwa amekula.

Hapana. Mchoraji mkuu, Mjerumani aitwaye Heinz Edelmann, alieleza baadaye kwamba hizo mambo hakuzigusa, yeye alikuwa mtu wa pombe tu. Na Beatles wenyewe? Waliikwepa hiyo kazi. Kulikuwa na katuni ya televisheni ya Marekani iliyotumia majina yao na hawakuipenda kabisa, wakadhani hii nayo itakuwa upuuzi uleule. Zile sauti unazozisikia si zao, ni za waigizaji. Wao wenyewe wanaonekana kwa muda mfupi mwishoni, wanatania kidogo, wanaondoka. Watu wapatao 200 walifanya kazi kwa karibu miezi 11, na mastaa wakaja kula keki.

Kuna mmoja kati ya hao waigizaji ambaye kisa chake hakielezwi sana. Sauti ya George Harrison ilifanywa na kijana ambaye hakuwa mwigizaji kabisa. Alisikika tu baa akiongea kwa lafudhi ileile ya Liverpool, akabebwa mpaka studio. Kazi ilipokaribia kuisha polisi wakaja kumchukua. Kumbe alikuwa mtoro wa jeshi la Uingereza! Ikabidi mwigizaji mwingine, ambaye tayari alikuwa anafanya sauti ya Ringo, amalizie sehemu iliyobaki. Kwenye orodha ya majina ya filamu, yule kijana hayupo.

Sasa, stori za filamu za saikedeliki huwa zinasimuliwa kwa namna moja: mahipi walikula LSD, wakaona maono, wakayaweka kwenye filamu. Inapendeza kusikia, ila ukiingia kwenye historia yenyewe unakuta karibu kinyume chake. Walioweza kutengeneza yale maono kwenye skrini walikuwa watu wazima wa akili, wamechoka, wanafanya kazi ya mikono saa nyingi, wengi wao bila jina. Na wale waliojaribu kutengeneza filamu wakiwa juu, mambo yaliwashinda.

Chukua mfano wa Ken Kesey. Jamaa alikuwa mwandishi, riwaya yake One Flew Over the Cuckoo’s Nest ilitoka 1962 ikampa hela na jina. Mwaka 1964 akanunua basi kuukuu la shule, yeye na washkaji zake wakalipaka kila rangi waliyoikuta dukani, wakaandika “Furthur” mbele (ndiyo, herufi zimekosewa), wakaondoka California kuelekea New York kwenye maonyesho ya dunia. Dereva alikuwa Neal Cassady, mtu ambaye alikuwa anaongea bila kukata huku ameshika usukani. Ndani ya basi kulikuwa na kamera za milimita 16, vinasa sauti, na juisi ya machungwa iliyotiwa LSD, ambayo wakati huo ilikuwa bado halali. California iliipiga marufuku Oktoba 6, 1966.

Plani ilikuwa kutengeneza filamu kubwa kuliko zote, filamu ambayo maisha na sinema ni kitu kimoja. Wakarekodi saa nyingi mno. Tatizo, hakuna aliyekuwa anajua anachofanya. Sauti ilirekodiwa kivyake na picha kivyake, kasi za mashine zilikuwa zinapandana, kwa hiyo midomo ikawa inasema kitu na sauti inasema kingine. Wakakaa miaka wanahangaika kuihariri, wapi. Mikanda ikaishia kuhifadhiwa nyumbani, na filamu ya kueleweka ikaja kutoka 2011 kwa jina Magic Trip, imeunganishwa na watengenezaji wa documentary waliokuja na kompyuta na akili zao timamu. Kesey mwenyewe alikuwa amefariki 2001.

Ila ndani ya safari hiyo kuna mtu wa kukumbukwa kuliko Kesey. Kulikuwa na dada mmoja ambaye wenzake walimpa jina la utani kwa sababu alipanda stimu akavua nguo zote akabaki amejifunika blanketi. Njiani hakupata nafasi ya kurudi kawaida. Walipofika Houston, Texas, kwenye nyumba ya rafiki yao, akili ikamtoka kabisa. Akamkumbatia mtoto mdogo wa mwenye nyumba akidhani ni wake, maana na yeye alikuwa na mwanae aliyemwacha nyumbani. Akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi likawashwa, safari ikaendelea. Kwenye vitabu na mahojiano mengi ya miaka iliyofuata yeye ni lile jina la utani tu, kichekesho cha njiani. Dah.

Na hata hiyo LSD yenyewe haikuanza na mahipi. Ilitengenezwa na mkemia Albert Hofmann huko Basel, Uswisi, mwaka 1938, akaja kugundua inachofanya kichwani Aprili 1943, akarudi nyumbani na baiskeli huku barabara inacheza machoni pake. Miaka ya 50 wakubwa wa ujasusi wa Marekani, CIA, wakaipenda, wakitafuta dawa ya kumfanya mtu aseme siri. San Francisco wakapanga nyumba, wakawalipa machangudoa walete wanaume, wanaume wakawekewa LSD kwenye vinywaji bila kujua, na nyuma ya kioo cha upande mmoja afisa amekaa na glasi yake anatazama. Ukiwaza vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya kwanza ya saikedeliki: chumba, mwanga, watu wanaopoteza fahamu zao, na mtazamaji gizani. Mwaka 1973 mkuu wa CIA aliamuru mafaili ya mradi huo yachomwe. Bunge la Seneti lilipokuja kuuliza 1977, hakukuwa na orodha ya kuonyesha. Wale wanaume mpaka leo hawajulikani ni akina nani. Kesey naye LSD alionjeshwa kwa mara ya kwanza hospitalini, akiwa amejitolea kwenye utafiti ambao hela yake ilitoka hukohuko CIA. Kwa hiyo uasi wote ule wa vijana ulianzia kwenye bomba la serikali.

Hollywood walivyosikia vijana wanaongelea hiki kitu, wakanusa mkwanja. Wa kwanza kuchangamka alikuwa Roger Corman, mfalme wa filamu za bei chee. Agosti 1967 akaachia The Trip, script imeandikwa na Jack Nicholson kabla hajawa Jack Nicholson, wahusika ni Peter Fonda, Dennis Hopper na Bruce Dern. Corman ni wa kumpa haki yake: kabla ya kushika kamera alikwenda Big Sur akaijaribu mwenyewe, ili asije akadanganya. Dern, anayeigiza kama mwongozaji wa safari, hakuwa anatumia chochote. Kampuni iliyoisambaza ikaingiwa woga. Bila Corman kutaka, ikabandika onyo mwanzoni, na mwisho kabisa ikaweka mistari ya kioo kilichopasuka juu ya uso wa Fonda, ili ionekane jamaa ameharibikiwa maisha. Uingereza wakakataa kabisa kuipa cheti. Ukiitazama sasa hivi, utagundua kinachozeesha ile filamu ni zile taa: vioo, rangi na wasichana waliopakwa michoro mwilini, basi.

Zile taa zenyewe zilikuwa na wenyewe. Kwenye kumbi za muziki za San Francisco kulikuwa na vijana waliokuwa wanasimama nyuma, si jukwaani, na kazi yao ilikuwa kuyeyusha ukuta. Wanachukua vioo vya saa za ukutani vilivyobonyea kama kisahani, wanamimina mafuta na maji yenye rangi, wanaweka juu ya projekta na kuvibonyeza kwa kufuata ngoma. Rangi zinasukumana bila kuchanganyika, ukuta mzima unapumua. New York nako, Fillmore East ilipofunguliwa 1968, kundi la Joshua Light Show lilikuwa linaandikwa hadi kwenye matangazo, lakini hao walikuwa wachache wenye bahati. Wengi walilipwa kidogo, wakarudi na mikono yenye rangi, na kwa sababu ile kazi ilikuwa inayeyuka kila usiku, hakuna cha kuonyesha mjukuu.

Aprili 1968 ikaja 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Hii haikuwa filamu ya mahipi hata kidogo. Ilikuwa filamu ya studio kubwa, MGM, bajeti inayozidi dola milioni 10, inaonyeshwa kwenye kumbi za heshima ambako watu huja wamevaa suti. Onyesho la kwanza Washington, Aprili 2, na New York siku iliyofuata, wazee walitoka katikati. Rock Hudson naye alitoka kwenye onyesho la Los Angeles akiuliza kwa hasira hii kitu inahusu nini. Kubrick akakata dakika 19 haraka haraka. Baadhi ya wakosoaji wakaiponda.

Kilichoiokoa ni vijana wasiojulikana. Walianza kuingia mmoja mmoja, wakaleta wenzao, wakawa wanakaa viti vya mbele kabisa, na ikifika ile sehemu ya mwisho, pale mwanaanga anapotumbukia kwenye njia ya mwanga, wengine wanashuka kabisa wanalala sakafuni mbele ya skrini. Hakuna aliyewalipa wala kuwapa tisheti. Mameneja wa kumbi wakaripoti makao makuu kwamba wateja wamebadilika, nywele ni ndefu na hewa ina harufu. MGM wakasoma mchezo: baadaye wakatoa mabango mapya yanayoiita filamu hiyo safari kuu kuliko zote, na neno “trip” kila kijana alilielewa.

Ile njia ya mwanga ilitoka wapi? Kijana aitwaye Douglas Trumbull, aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka 23, alijenga mashine kubwa: kamera kwenye reli, mbele yake ukuta mweusi wenye mwanya mwembamba, nyuma ya mwanya kuna kioo chenye michoro kinachosogezwa taratibu. Kamera inaachwa wazi inasogea kuufuata mwanya, mwanga unavutika kama ubuyu ulioyeyuka. Fremu moja inaweza kula zaidi ya dakika nzima. Na sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Piga hesabu mwenyewe. Vile vitu vinavyofanana na nyota zinazozaliwa ni rangi na kemikali ndani ya maji, zilipigwa picha New York kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha sidiria. Sayari za ajabu ni Scotland, na Monument Valley kule Marekani, zimegeuzwa rangi tu.

Na mwanzo wa filamu, ile alfajiri ya binadamu Afrika, nayo ni kiini macho. Kubrick hakukanyaga Afrika. Alituma kikosi kwenda Namibia, wakati huo ikitawaliwa na makaburu na kuitwa Afrika Kusini Magharibi, wakapiga picha za jangwa zisizotembea, picha zikarudishwa studio karibu na London na kumulikwa kwenye skrini kubwa nyuma ya waigizaji. Ndiyo maana macho ya yule chui yanawaka kama taa za gari, mwanga wa projekta unamrudia. Pundamilia aliyekufa pembeni yake ni farasi aliyepakwa mistari. Bara zima la Afrika likaingia kwenye filamu bila Mwafrika hata mmoja kuhitajika kuonekana. Hilo halikuwasumbua sana wale wa viti vya mbele.

Ndani ya yale manyoya ya masokwe kulikuwa na wacheza dansi na waigizaji wa vitendo, wembamba, wamefundishwa kwa miezi kutembea na kukaa kama sokwe, wanachemka ndani ya vinyago chini ya taa kali. Uwezo wao uliwaponza. Kwenye Oscar za 1969 tuzo maalum ya vipodozi ilienda kwa Planet of the Apes, na Arthur C. Clarke, aliyeandika 2001 pamoja na Kubrick, akatania kwamba labda majaji walidhani wale wa kwao ni masokwe kweli. Aliyewaongoza na kuigiza sokwe mkuu, Dan Richter, alikuja kuandika kitabu akisema wakati wote huo alikuwa teja wa heroini, anaipata kwa njia halali kutoka kwa daktari kama sheria za Uingereza zilivyoruhusu. Kwa hiyo kwenye filamu nzima ya “safari kuu”, aliyekuwa na dawa mwilini anajulikana ni sokwe wa zamani, na dawa yenyewe haikuwa ile ambayo watazamaji walidhani.

Disney nao wakaona wasibaki nyuma. Fantasia ilikuwa imetoka tangu 1940 na haikuwa imerudisha hela. Mwaka 1969 wakairudisha kumbini na bango la rangi za kichaa, vijana wakajaa, na hapo ndipo ikaanza kuwa na faida. Uyoga unaocheza dansi ulikuwa ni uyoga tu, lakini nani alitaka kusikia?

Wakati wote huo, usidhani dunia nzima ilikuwa inapiga makofi. Huku Dar, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968, na kuanzia Januari 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana zikawa kesi, wasichana wakavamiwa vituo vya mabasi kwa sababu ya sketi. Mavazi yaleyale, kwenye filamu ni uhuru, Kariakoo ni ukoloni mamboleo. Hoja ya viongozi haikuwa ya kijinga, kwamba vijana wananunua picha ya mtu mwingine. Ila waliolipia walikuwa wasichana.

Julai 14, 1969 ikatoka Easy Rider. Fonda na Hopper tena, safari hii wameshika usukani wenyewe, Hopper akiongoza. Bajeti haikufika dola laki 5, ikaingiza makumi ya mamilioni, na kule Cannes ilichukua tuzo ya kazi ya kwanza bora. Studio zote zikachanganyikiwa, kila mtu akataka mwenye ndevu mmoja ofisini. Kijana yeyote duniani aliyewahi kutundika bango ukutani anaijua ile picha: Fonda juu ya pikipiki yenye uma mrefu wa mbele na tangi lenye bendera ya Marekani. Hiyo pikipiki ndiyo staa. Mtoe Fonda, filamu inabaki. Toa pikipiki, zimebaki stori za jamaa wawili wanaovuta bangi msituni.

Nani aliitengeneza? Pikipiki zilikuwa nne, Harley-Davidson za zamani za polisi zilizonunuliwa kwenye mnada Los Angeles. Walioziunda upya ni Wamarekani weusi wawili: Clifford Vaughs, aliyezibuni, na Ben Hardy, fundi mwenye gereji mitaa ya weusi ya Los Angeles ambaye vijana wengi wa pikipiki walikuwa wanamheshimu kama mwalimu. Vaughs si mtu wa mitaani hivihivi. Alikuwa mpiga picha na mwanaharakati aliyekwenda kusini mwa Marekani na vijana wa SNCC kupigania haki za weusi, huko ambako ukikamatwa usiku huenda usionekane tena. Yeye alikuwa anaujua ule barabara wa kusini ambao filamu inaujifanyia uhuru wake. Aliondolewa kwenye kazi mapema, na filamu ilipotoka, jina lake halikuwepo, la Hardy halikuwepo.

Ukiitazama Easy Rider ukijua hilo, inakuwa filamu nyingine. Wazungu wawili wanakatiza Louisiana juu ya vyuma vya weusi, na weusi wenyewe wanaonekana tu pembeni mwa barabara, wamesimama mbele ya nyumba zao wanatazama wanaopita. Ule mwisho, ambapo jamaa wa kijijini wanawapiga risasi kwa sababu tu ya nywele ndefu, uliwashtua vijana wa kizungu kote Marekani. Kwa Vaughs ile haikuwa habari mpya.

Pikipiki moja iliharibiwa kwenye tukio la mwisho, tatu zikaibwa hata kabla kazi haijafungwa. Oktoba 2014 iliyodaiwa kuwa ile yenyewe ya Fonda iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.35, na bado watu wakabishana kama ni ya kweli. Hardy alikuwa ameshafariki 1994. Vaughs alikuwa hai, akapata nafasi ya kuongea na waandishi, akafariki 2016. Sifa zilimfikia akiwa mzee sana.

Mwaka 1970 sinema hizi zikahamia usiku wa manane. Ukumbi wa Elgin, Eighth Avenue, New York, ulianza kuonyesha El Topo ya Alejandro Jodorowsky saa sita usiku, Desemba hiyo, karibu bila matangazo. Ni filamu ya cowboy asiyejulikana anatafuta nini, damu, jangwa, mafumbo ya dini zote zimechanganywa. Watu waliambizana mdomo kwa mdomo, foleni zikazunguka jengo kwa miezi, moshi ndani ukawa mzito mpaka kusema mtazamaji hakuhitaji kubeba chake. John Lennon akaipenda, meneja wake akainunua. Huo mtindo wa filamu ya usiku wa manane ulizaliwa pale.

Lakini kuna dada mle ndani, mwigizaji wa kike mkuu. Kwenye kitabu kilichotoka miaka hiyo, Jodorowsky alijigamba kwamba tukio la ubakaji kwenye filamu halikuwa la kuigiza. Enzi hizo watu walitikisa vichwa kwa heshima, msanii mkubwa huyo! Miaka mingi baadaye alikana, akasema yale maneno yalikuwa kiki ya kuitangaza filamu. Januari 2019 jumba la makumbusho la El Museo del Barrio, New York, likafuta maonyesho yake kwa sababu ya kauli hiyohiyo. Katika mabishano yote, wa upande huu na wa upande ule, aliyeongea muda wote ni mwanaume. Wale waliokaa kwenye moshi wa Elgin walimwona dada huyo kila usiku kwa miezi, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Na kuna filamu moja ambayo haikukusudiwa kuwa ya kundi hili. Desemba 6, 1969, The Rolling Stones walifanya tamasha la bure kwenye uwanja wa mbio za magari wa Altamont, California. Watu wapatao laki 3. Ulinzi, au chochote walichokiita, walipewa genge la pikipiki la Hells Angels, na inavyosimuliwa malipo yalikuwa bia za dola 500. LSD mbovu ilikuwa imezagaa, watu wamedata, fimbo zinatembea tangu mchana. Kamera za ndugu Maysles zilikuwa zinarekodi, na mmoja wa vijana waliopewa kamera siku hiyo alikuwa George Lucas, yuleyule wa Star Wars, kamera yake ikakwama.

Jioni, Stones wakiwa jukwaani, kamera nyingine ikanasa kijana mweusi mwenye suti ya kijani ya kung’aa. Anaonekana ana bastola mkononi, kivuli chake kinatokea juu ya nguo ya kufuma ya mpenzi wake aliyekuwa naye. Halafu jamaa wa Hells Angels anamrukia kwa kisu. Ni sekunde chache. Filamu, Gimme Shelter, ilitoka 1970, na ndani yake Mick Jagger ameketi kwenye meza ya kuhariri anaonyeshwa zile sekunde mbele na nyuma, polepole, wanasimamisha, wanarudisha. Mahakamani baraza la wazee liliziona pia, na aliyechoma kisu akaachiwa Januari 1971 kwa kigezo cha kujilinda. Watu wengine watatu walikufa siku hiyo, wawili kwa kugongwa na gari na mmoja alizama kwenye mfereji. Wao hawakunaswa na kamera, hivyo hata kwenye hadithi hawamo.

Waandishi waliigeuza Altamont kuwa kifo cha miaka ya 60, na wanafunzi wa filamu duniani kote wamechambua zile sekunde: mwanga, suti ya kijani, kisu. Yule kijana alikuwa na miaka 18, anatokea Berkeley, anaitwa Meredith Hunter. Alizikwa Vallejo, California, kwenye kaburi lisilo na jiwe wala jina, namba tu ya kiwanja. Mwaka 2006 Sam Green alitengeneza filamu fupi isiyo na mbwembwe yoyote, ikimfuata mfanyakazi wa makaburini mpaka kwenye hilo eneo la nyasi. Jina la filamu ni ile namba: Lot 63, Grave C. Watu walioiona wakaanza kutuma hela. Jiwe liliwekwa 2008, miaka 39 baada ya tamasha.